Chawanmushi: yai la Kijapani la mvuke, hatua kwa hatua

Chawanmushi ni yai linalopikwa kwa mvuke ndani ya kikombe. Jina lenyewe linajieleza: chawan ni bakuli la chai, mushi ni kupika kwa mvuke. Kwa macho utadhani ni kastadi, ila halina maziwa, na ladha yake ni ya chumvi. Huliwa kwa kijiko, maana vijiti haviliwezi. Robo tatu ya kilichomo kikombeni ni mchuzi, na robo tu ndiyo yai. Kwa hiyo mchuzi ukiwa hafifu, mayai hata yawe mazuri vipi hayataokoa kitu.

Vipimo hivi ni vya vikombe 4 vya mililita 250 kila kimoja: mayai 3 makubwa, mchuzi mililita 450, chumvi nusu kijiko cha chai, mchuzi wa soya kijiko 1 cha chai, na mirin kijiko 1 cha chai. Mirin ni divai tamu ya mchele ya kupikia. Usiyetumia kileo weka sukari robo kijiko cha chai. Soya inayopendelewa ni usukuchi, yenye rangi nyepesi lakini chumvi nyingi kuliko ya kawaida. Ya kawaida pia inafaa; yai litakuwa na wekundu kidogo.

Hatua ya 1: Mchuzi

Mchuzi wa Kijapani huitwa dashi. Ule wa kawaida hutengenezwa kwa kombu, yaani mwani mpana uliokaushwa, na katsuobushi, yaani jodari mdogo aliyekaushwa kwa moshi na kuparuzwa vipande vyembamba kama karatasi. Loweka gramu 6 za kombu kwenye mililita 600 za maji baridi kwa dakika 30, kisha weka jikoni kwa moto mdogo. Toa mwani kabla maji hayajachemka, kwa sababu ukichemka unatoa utelezi na harufu nzito. Maji yakichemka zima moto, tia gramu 12 za katsuobushi, subiri dakika 2, chuja. Usikamue, utaleta ukali.

Ukikosa hivyo, ipo dashi nyingine inayopikwa sana majumbani Japani, ya niboshi: dagaa wadogo wa baharini waliochemshwa kwenye maji ya chumvi kisha wakakaushwa. Dagaa wa Unguja hutayarishwa kwa njia hiyo hiyo, basi wanafaa sana. Chukua gramu 15, ng'oa vichwa na utumbo mweusi wa tumboni (hapo ndipo uchungu ulipo), loweka dakika 30 kwenye mililita 600 za maji, kisha chemsha polepole kwa dakika 10 huku ukiengua povu. Chuja kwa kitambaa na uonje: dagaa wakiwa na chumvi nyingi, punguza ile nusu kijiko. Dagaa wa ziwa harufu yao ni kali mno kwa chakula hiki. Afadhali mchuzi mwepesi wa kuku usio na mafuta.

Acha mchuzi upoe mpaka kidole kisihisi joto. Ukiumimina wa moto, yai linaanza kuiva ndani ya bakuli na litabaki na chenga.

Hatua ya 2: Yai

Hesabu ya msingi ni yai moja kwa mchuzi mara tatu, kwa ujazo. Mayai yetu mengi ni madogo, kwa hiyo usihesabu maganda: yavunje kwenye kikombe cha kupimia, soma yamefika wapi, zidisha kwa tatu. Mililita 130 za yai zinataka 390 za mchuzi. Ukizidisha mchuzi hadi mara nne litagandamana kwa shida. Ukishuka chini ya mara mbili na nusu linaanza kuwa gumu.

Pasua ute kwa vijiti au uma, ncha zikigusa chini ya bakuli, ukienda kulia na kushoto. Usipige kama wa kimanda. Hewa inayoingia hapa ndiyo mapovu utakayoyaona juu ya kikombe baadaye. Changanya chumvi, soya na mirin kwenye mchuzi, mimina taratibu kwenye yai, kisha chuja yote kwa chujio laini. Chujioni zitabaki zile nyuzi nyeupe za ute na madonge ambayo hayakupasuka. Usiyasukume yapite, yatupe.

Chumvi hapa haiko kwa ladha peke yake. Yai lililozimuliwa kwa maji matupu haligandi vizuri. Madini ya chumvi na ya mchuzi ndiyo yanayosaidia protini zishikane.

Hatua ya 3: Vya ndani

Kuku wa paja gramu 80, akatwe vipande vya sentimita 1.5, na amwagiwe maji yanayochemka mpaka abadilike rangi ili asitoe damu na povu ndani ya yai. Kamba 4 waliomenywa na kutolewa ule mshipa mweusi. Uyoga wa shiitake 2, ukatwe vipande vyembamba. Kausha kila kitu kwa kitambaa. Mboga na uyoga vikiingia na maji, yai litalegea kuvizunguka. Vijaze si zaidi ya theluthi ya kikombe.

Uyoga mmoja una hatari: maitake mbichi ana kimeng'enya kinachovunja protini, na yai halitaganda hata ulipike saa nzima. Uchemshe kwanza. Wajapani hutia pia ginnan, mbegu za mti wa ginko. Watoto wasipewe, kwani zina sumu inayoweza kuwaletea degedege.

Mimina yai juu ya vya ndani hadi robo tatu ya kikombe, kwa kuliteremsha ukingoni. Vipovu vilivyobaki vitoboe kwa kijiti cha meno. Funika kila kikombe kwa foili.

Hatua ya 4: Mvuke

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Yai lililochanganywa na mchuzi huganda karibu na nyuzi 80 za Selsiasi. Likipita hapo sana, protini zinajikaza na kukamua maji, na maji yaliyo ndani yanageuka mvuke unaotoboa njia. Ukikata kwa kijiko unaona vitundu kama vya sponji na maji yametuama chini. Wajapani huviita su. Mvuke wa sufuria iliyofungwa kabisa unakaribia nyuzi 100, kwa hiyo lazima uupunguze.

Kama huna chombo cha mvuke, tandika kitambaa chini ya sufuria, panga vikombe, mimina maji ya moto yafike theluthi ya kimo chao. Funga mfuniko kwa kitambaa, ncha zikifungwa juu mbali na moto, ili matone yasidondokee vikombe. Moto mkali kwa dakika 2: uso wa yai unaanza kuwa mweupe. Hapo shusha moto uwe mdogo kabisa na ubane kijiti kimoja kati ya sufuria na mfuniko ili mvuke upumue. Endelea dakika 12. Maji yasikike yakinong'ona. Vikombe vikianza kugongana, moto umezidi. Jiko la mkaa linataka kutolewa makaa mengi wakati huu, kuziba mlango wa hewa tu hakutoshi. Nairobi, ambako maji huchemka karibu na nyuzi 94, ongeza dakika 2 au 3.

Tikisa kikombe. Likitetemeka lote pamoja kama maziwa mgando, limeiva. Likicheza katikati peke yake, bado. Choma kijiti cha mshikaki katikati: mchuzi mweupe angavu ukijitokeza ni sawa, ukiwa na rangi ya yai rudisha dakika 2. Kisha zima na uache dakika 5 sufuria ikiwa imefunikwa.

Kamba na majani mabichi huzama yakitiwa mwanzoni. Ukitaka yaonekane juu, yaweke yai likishashika, dakika 4 kabla ya kuzima. Japani huweka mitsuba, majani ya kunukia, na kipande cha ganda la yuzu, tunda chachu la jamii ya limau. Kotimiri na ganda la limau vinafaa.

Likitoka na vitundu, ladha bado ipo. Chemsha mililita 100 za mchuzi uliobaki na kijiko 1 cha chai cha soya, koroga na kijiko 1 cha chai cha kornflawa kilichovurugwa kwa maji baridi, mimina juu ya yai mchuzi ukiwa mzito. Wapishi wa Japani hufanya hivyo hata kwa yai lisilo na dosari. Siku za joto liache lipoe, liweke kwenye friji na ulile baridi siku hiyo hiyo au kesho yake.