Wi-Fi ya kituo cha afya: utaratibu wa fundi, kutoka mapokezi hadi wodi ya wazazi

Ukiitwa kufunga Wi-Fi kwenye kituo cha afya, kitu cha kwanza utakachoonyeshwa ni boksi. Kuna mtu ameshanunua ruta, ile yenye antena nne zilizosimama kama pembe za swala, na anataka uipachike mapokezi ili mtandao ufike mpaka leba. Haufiki. Nimefanya kazi hii kwenye vituo vya serikali na vya mashirika ya dini hapa Tanzania, na ninachoandika ni utaratibu ninaoufuata sasa, baada ya kuharibu mara za kutosha. Ninazungumzia kituo cha majengo manne mpaka sita, mabati juu, tofali za saruji, vibaraza vya kupitia katikati. Hospitali ya rufaa ina hesabu zake.

Hatua ya 1: Tembea na muuguzi, kompyuta ibaki kwenye gari

Mwombe mganga mfawidhi akupe muuguzi mmoja kwa saa mbili. Mfuateni mgonjwa: mapokezi, dirisha la malipo, chumba cha daktari, maabara, kwa daktari tena, dirisha la dawa. Kila mahali panapoandikwa kitu, nawe andika: nani anaandika, kwa kifaa gani, na je, amekaa au anatembea.

Utakuta wengi wamekaa. Karani wa mapokezi hatembei na kompyuta yake. Wa dirisha la dawa naye hatembei, wala wa maabara. Hao wote wape waya. Najua ni ajabu fundi wa Wi-Fi kusema hivyo, lakini kila kompyuta inayopata waya inawaachia nafasi hewani wale wasioweza kufungwa: mkunga, muuguzi wa wodini, daktari anayezunguka vitandani, na anayepima presha kliniki ya wajawazito akiwa amesimama. Kwenye kituo kimoja orodha ya vifaa vya Wi-Fi ilipungua zaidi ya nusu kwa swali hilo moja tu, na bajeti ikapumua.

Uliza pia kuhusu vifaa visivyo na mtu: printa, kipima joto cha jokofu la chanjo kinachotuma taarifa, mashine mpya za maabara. Vingi vya aina hii vinashika bendi (kundi la masafa) ya 2.4 GHz peke yake. Ukijua leo, hutaizima bendi hiyo kesho ukidhani ni ya kizamani.

Hatua ya 2: Pima siku ya kliniki, si Jumapili

Kosa langu la miaka ya mwanzo lilikuwa kupima wakati kituo kimetulia. Namba zote zilikuja nzuri. Siku ya kliniki ya watoto, kina mama wamejaa mabenchini na watoto migongoni, mawimbi yakashuka. Mwili wa binadamu sehemu kubwa ni maji, na maji hunyonya mawimbi. Matanki ya maji nayo ni hivyo hivyo, tena yako mengi kando ya kuta za vituo vyetu.

Programu ya bure ya kupima Wi-Fi kwenye simu ya Android inatosha. Weka AP moja ya majaribio (AP ndicho kifaa cha kurushia Wi-Fi, mafundi wote tunakiita hivyo) juu ya ngazi mahali unapofikiria kuifunga, kisha zunguka. Namba zinasomwa kwa dBm (kipimo cha nguvu ya mawimbi) na zote ni hasi, kwa hiyo −50 ni nzuri kuliko −70. Mimi nataka −67 au nzuri kuliko hiyo kila mahali muuguzi anaposimama na kishikwambi, pamoja na nyuma ya mapazia na kwenye kona ya kitanda cha mwisho. Tofauti ya 3 dB inaonekana ndogo kwenye kioo, lakini maana yake ni nguvu iliyokatwa nusu.

Chumba cha eksirei kihesabu kama kisiwa. Kuta na mlango wake vimewekwa madini ya risasi au zege nene kuzuia mionzi, na vinazuia Wi-Fi vilevile. Usipoteze asubuhi ukitafuta pembe ya kupenyezea, peleka waya ndani.

Hatua ya 3: Kila AP na waya wake

Hapa ndipo pesa inapotaka kuokolewa vibaya. Mtu atakuambia nunua vile vijirudishi vya kuchomeka ukutani, vinadaka mawimbi na kuyarusha mbele. Kwa nyumba yako sawa. Kwa kituo cha afya hapana, kwa sababu kirudishi cha kawaida husikiliza na kusema kwa redio ileile: kila neno linasemwa mara mbili hewani, na kasi hukatika karibu nusu. Weka viwili mfululizo, mkunga atakuwa anasubiri ukurasa ufunguke huku mama anasukuma.

Vuta waya wa mtandao wa Cat6 kutoka kwenye swichi (boksi la kugawia nyaya za mtandao) mpaka kila AP. Kikomo ni mita 100. Tumia swichi ya PoE, yaani inayopeleka umeme na data kwenye waya mmoja. Ile ya kiwango cha 802.3af inatoa wati 15.4 kwa kila tundu, na AP nyingi za ndani zinaridhika. Faida kubwa ya PoE si kupunguza kazi ya fundi. Faida ni kwamba AP haina plagi ya kuchomolewa. Kuna kituo mtandao ulikuwa unakufa kila jioni, saa za kubadilishana zamu. Nimebadilisha ruta, nimebadilisha chaneli, nimeshuku kila kitu hadi jirani. Siku niliyokaa mpaka giza nikaona: aliyeingia zamu alichomoa AP ya wodini achaji simu.

Kati ya jengo na jengo usipitishe waya wa shaba. Radi ikipiga karibu, ule waya unakuwa njia ya umeme kutoka ethi ya jengo hili kwenda ethi ya jengo lile, na unaunguza swichi zote mbili kwa mpigo. Pitisha faiba, maana kioo hakipitishi umeme. Kama kuchimba mtaro haiwezekani, funga redio mbili za kuelekezana za 5 GHz juu ya mapaa, zikitazamana bila mti katikati. Mwembe mdogo wa leo utakuwa ukuta baada ya masika mawili.

Kuhusu mahali pa AP: dari ya chumba chenye wagonjwa, uso ukitazama chini. Watu wanapenda kuzipanga kwenye korido kwa sababu waya unapita kirahisi, lakini AP za korido zinasikiana zenyewe kwa zenyewe kuliko zinavyowasikia walio vyumbani.

Hatua ya 4: Chaneli, na kupunguza kelele

Kwenye 2.4 GHz chaneli zisizogongana ni tatu: 1, 6 na 11. AP zinazopakana zisitumie moja, na upana uwe 20 MHz. Kwenye 5 GHz nafasi ni kubwa. Mimi huanza na 36 hadi 48, kwa sababu kuanzia 52 unaingia masafa yanayotumiwa pia na rada, na AP ikihisi rada inalazimika kuhama chaneli ghafla.

Kisha punguza nguvu za AP. Ndiyo, punguza. AP iliyofunguliwa mpaka mwisho inapiga kelele, lakini kishikwambi kinajibu kwa mnong'ono. Muuguzi anaona vijiti vyote vimejaa na bado fomu haitumwi, halafu anakupigia simu na kusema Wi-Fi yako inadanganya. Ana haki. Jina la mtandao liwe lilelile kwenye AP zote, kisha jaribu kwa miguu: piga simu ya sauti ya WhatsApp ukiwa wodini, tembea mpaka leba. Ikikatika njiani, kishikwambi kimeng'ang'ania AP ya nyuma, na mara nyingi dawa yake ni kupunguza tena nguvu.

Hatua ya 5: Umeme

Mitandao mingi niliyoitwa kufufua haikufa kwa mawimbi. Ilikufa kwa umeme.

Piga hesabu ya wati. AP tano za wati 10 ni 50. Swichi 15, ruta 10, kompyuta ndogo ya seva 40. Jumla wati 115. Umeme ukikatika kwa muda wa saa nne unahitaji wati-saa 460. Ile UPS ndogo ya chini ya meza imeundwa kukupa dakika za kuzima kompyuta kwa heshima, si saa nne. Betri moja ya sola ya volti 12, Ah 100, ina wati-saa 1,200, lakini ya asidi na risasi usiifyonze zaidi ya nusu, zinabaki 600. Toa kama asilimia 15 inayopotea kwenye inveta, unabaki na 510. Inatosha, kwa shida. Kama eneo lenu umeme huondoka mchana kutwa, weka betri mbili na paneli.

Kabati la vifaa lifungwe kwa kufuli, liinuliwe juu ya usawa wa ndoo ya kudekia, na liwe na nondo ya ethi ya kweli iliyozikwa ardhini. Ule waya wa kijani uliofungwa kwenye dirisha la chuma si ethi, ni mapambo.

Hatua ya 6: Jua data inaenda wapi

Seva ya mfumo wenu iko ndani ya kituo au mbali? Kama iko ndani, laini ya intaneti ikikatika wagonjwa wanaendelea kuhudumiwa, na Wi-Fi haijali. Kama iko mbali, intaneti ndiyo roho yenu, basi mnahitaji laini mbili za kampuni tofauti kwenye ruta inayohama yenyewe.

Maandishi ya mgonjwa ni mepesi. Picha ndiyo mzigo. Eksirei ya kifua ya dijitali ya megabaiti 20 ni megabiti 160, na kwa laini inayopandisha megabiti 2 kwa sekunde utasubiri sekunde 80 kwa picha moja. Mtoa huduma atakutangazia kasi ya kushusha. Wewe muulize ya kupandisha.

Hatua ya 7: Gawa mtandao, na kila mtu awe na ufunguo wake

Tenga mitandao mitatu ndani ya nyaya zilezile, kwa VLAN (mpangilio wa swichi unaogawa mtandao mmoja kuwa kadhaa isiyoonana): wa mifumo ya wagonjwa, wa vifaa visivyo na mtu, na wa simu za watumishi. Kipima joto cha jokofu hakina sababu ya kuona kompyuta ya daktari. Majina yanayorushwa hewani yasizidi hayo matatu, kwa sababu kila jina linajitangaza mara kadhaa kwa sekunde na kula muda wa hewa. Wi-Fi ya wagonjwa mimi huikataa mwanzoni, hasa kama intaneti inalipiwa kwa bando.

Ulinzi wa Wi-Fi uwe wa kiwango cha WPA3, au WPA2 kama vishikwambi ni vya zamani. Zima WPS, ile njia ya mkato ya kuunganisha kifaa bila kuandika neno la siri. Badilisha neno la siri la kiwandani la AP, ruta na swichi. Printa isiyojua chochote zaidi ya WEP, ulinzi wa kizamani, ichomeke kwa waya, usishushe ulinzi wa kituo kizima kwa ajili yake.

Neno moja la siri kwa watumishi wote halidumu. Ndani ya mwezi linajulikana hadi kwa mama ntilie wa getini. Tena watumishi wa afya wanahamishwa: akihamishwa mmoja, utawabadilishia wote? Hutabadilisha. Tumia WPA2 au WPA3 ya jina na neno la siri la kila mtumishi, au AP zinazoruhusu funguo tofauti kwa kila mtu, ili akiondoka ufute wake peke yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti. Mweleze hilo mganga mfawidhi kabla hujamwonyesha bei, itamsaidia kuelewa bei.

Hatua ya 8: Vifaa tiba

Wataalamu watakuuliza kama Wi-Fi itavuruga mashine. AP ya kawaida inarusha karibu wati 0.1. Simu ya mtandao wa GSM inapotafuta mnara wa mbali inaweza kufika wati 2. Kwa hiyo simu iliyoegeshwa juu ya monita ndiyo ya kuhofiwa kwanza. Hata hivyo jaribu: washa monita na pampu ya dripu zikiwa hazina mgonjwa, AP ikifanya kazi, mtaalamu wa vifaa tiba akiwa amesimama pale. Mjamzito akikuuliza kama inamdhuru mtoto, mwambie haya ni mawimbi ya jamii ya redio, si mionzi ya eksirei.

Upande wa pili wa swali hauulizwi sana: nini kitavuruga Wi-Fi? Mwaka 1998 kituo cha televisheni cha Dallas, Marekani, kilianza kujaribu matangazo ya dijitali, na vifaa visivyo na waya vya kufuatilia mioyo ya wagonjwa katika hospitali ya Baylor vikapoteza mawimbi. Hakuna aliyevunja sheria, masafa yalikuwa ya kugawana. Mwaka 2000 mamlaka ya mawasiliano ya huko ikatenga masafa maalumu ya vifaa hivyo. Bendi ya 2.4 GHz unayotumia wewe ni ya kila mtu, pamoja na oveni ya maikrowevu ya chumba cha chai. Kengele ya mgonjwa mahututi ilie palepale kitandani. Ikifika pia kwenye kishikwambi kwa Wi-Fi, ni nyongeza.

Hatua ya 9: Zima kwa makusudi

Kabla ya kukabidhi, chagua asubuhi ya kawaida, waarifu watumishi, zima umeme mkuu wa kabati. Tazama. Nani anajua vitabu vya MTUHA (rejista za karatasi za taarifa za afya) viko wapi? Nani ataingiza yaliyoandikwa kwenye karatasi mtandao ukirudi, na kabla ya saa ngapi? Mara ya kwanza huwa vurugu, na ndiyo maana unaifanya ukiwa upo. Kisha bandika ndani ya mlango wa kabati karatasi yenye mchoro wa nyaya, namba ya kila tundu la swichi na kazi yake, na simu ya mtu wa kupigiwa. Maneno ya siri yasiwepo hapo, yawe kwenye bahasha iliyofungwa kwa mganga mfawidhi.

Na wodini, karibu na meza ya muuguzi wa zamu, funga soketi moja ya ziada ya kuchajia simu.