Ukiiuliza akili mnemba sheria, iambie kwanza uko Zanzibar

Nyinyi wanafunzi wa sheria wa mwaka wa kwanza mliohamia chuoni Tunguu na simu zenu, darasani kwetu ubishi huu haujesha. Wapo wanaosema akili mnemba ni wizi mtupu, na wapo wasioandika hata aya moja bila ya kuiuliza. Mimi naitumia. Ila naitumia kama mtu wa kubishana naye, si karani wa kuniandikia.

Anza kwa kuitajia mahali: "Nijibu kwa sheria za Zanzibar, si za Bara." Usipofanya hivyo, utauliza kuhusu shamba la mikarafuu la Wete ikupe Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ambayo ni ya Bara. Ardhi si jambo la Muungano. Yetu ni Sheria Namba 12 ya mwaka 1992. Jinai ndiyo balaa zaidi. Wenzetu wana Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, sisi tuna Sheria Namba 6 ya mwaka 2018. Ukinakili kifungu cha kule, mwalimu anakijua kabla hajamaliza mstari. Na kwa rufaa za kesi za sharia ya Kiislamu zilizoanzia kwa Kadhi, isikupeleke Mahakama ya Rufani, haziendi huko.

Kesi yoyote inayokutajia, itafute kwenye tovuti za hukumu, ZanzibarLII au TanzLII, uifungue, usome hukumu yenyewe. Huioni? Ifute kwenye kazi yako. Huko New York mwaka 2023, katika shauri la Mata dhidi ya Avianca, mawakili walipeleka mahakamani kesi zilizobuniwa na ChatGPT wakatozwa faini ya dola 5,000. Na hao ni mawakili kamili. Wewe joho hujalivaa.

Zoezi ninalolipenda: chukua kesi ya Machano Khamis Ali na wenzake, ambapo Mahakama ya Rufani ilisema mwaka 2000 kwamba uhaini hauwezi kutendwa dhidi ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Isome hukumu kwanza, andika msimamo wako kwa mkono, kisha iambie programu ikupinge kwa hoja tatu. Zijibu moja moja. Hapo ndipo utakapojua kama umeielewa au umeikariri.

Majina na siri za mteja wa msaada wa kisheria usiziingize kabisa.

Na kama mwalimu hajasema inaruhusiwa au la, muulize mbele ya darasa zima kabla ya siku ya kukusanya kazi, ili jibu liwe la wote.