Kinyonga Amefumba Macho Mchana: Ana Mayai au Anaumwa?

Tulimnunua kama dume. Muuzaji aliapa, na binti yangu akampa jina Babu kwa ule mwendo wake wa kusitasita, kama mzee anayekwenda msikitini gizani bila fimbo. Januari, huku Minneapolis theluji imefika madirishani, Babu akakataa nyenje siku ya tatu mfululizo, akashuka chini ya kizimba akaanza kukwaruza sakafu. Nikampigia mama simu ya video Tanga. Akamtazama kidogo, akaniambia, "Mwanangu, huyo mdudu mtoe ndani." Kwetu kinyonga hashikwi, seuze kulazwa kwenye taulo na kupelekwa kwa daktari.

Babu alikuwa na mayai 43.

Kwanza ujue unafuga kinyonga gani. Wa kwetu ni yule wa Yemen, mwenye kishungi kirefu kichwani. Asili yake ni Yemen na kusini-magharibi mwa Saudi Arabia, kwa hiyo ni jamaa wa nusu ya mtaa niliokulia. Jike wake hutaga hata kama hajawahi kuona dume, sawa na kuku wa mayai. Usijidanganye kwamba yuko peke yake basi hawezi kuwa na mayai. Mtazame kisigino cha mguu wa nyuma: dume huanguliwa akiwa na kijipembe pale, jike hana. Sekunde mbili tu, na mimi sikutazama. Ikiwa wako ni yule wa pembe tatu anayetoka milima kama Kenya na Meru, huyo huzaa watoto hai, na habari ya ndoo ya mchanga hapa chini haimhusu.

Sasa tofauti yenyewe. Mwenye mayai aliye mzima hukosa utulivu. Anazunguka kizimba, anashuka, anapanda, anakwaruza pembeni, chakula anakikataa lakini maji anakunywa, na macho yako wazi yanazungukazunguka. Rangi inakuwa nzito, madoa ya manjano na ya samawati yanajitokeza. Ubavuni utaona vivimbe kama mfuko wa gololi. Usivibonyeze.

Mgonjwa hutulia. Anafumba macho mchana taa ikiwaka, na hilo kwa kinyonga si usingizi. Anashika tawi kwa udhaifu, miguu inatetemeka, pengine anaanguka. Macho yakiwa yamedidimia na ile sehemu ya mkojo iliyo kama chokaa ikatoka ya rangi ya chungwa badala ya nyeupe, maji yamepungua mwilini. Taya likiwa laini au mkono umepinda, ni upungufu wa kalsiamu. Kibaya ni kwamba mambo haya mawili hukutana: asiye na kalsiamu ya kutosha hukosa nguvu za kusukuma, mayai yanakwama, na mayai yaliyokwama yanaua.

Ukimwona anahangaika na macho yako wazi, usingoje kuwa na hakika. Mtengenezee pa kutagia siku hiyohiyo. Mimi nilichukua pipa la plastiki lisiloonyesha ndani, nikanunua mchanga uliooshwa, ule wa watoto kuchezea, nikaujaza kina cha sentimita 30. Halafu maji, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Mchanga mkavu unaporomoka, wenye maji mengi unakuwa uji. Unautaka kama ule wa ufukwe wa Raskazone kule Tanga, pale wimbi lilipotoka kuondoka, ambao watoto wanajengea nyumba. Chomeka kidole hadi mwisho, kichomoe. Tundu likibaki wazi, umepatia. Simamisha kijiti cha kupandia na kushukia, pipa liingie kizimbani, kisha funika kizimba kwa shuka uondoke.

Kuondoka ndiko kugumu. Akikuona anachimba anaweza kuacha, na akiacha anaendelea kuyabeba. Nilitoboa shuka tundu la ukubwa wa senti nikawa nachungulia. Alichimba matundu mawili akayaacha. La tatu akazama mzima, nikawa naona mkia tu. Taa usiku zilizimwa kama kawaida. Asubuhi alikuwa amegeuka, kichwa juu, makalio chini, na mchana akaanza kufukia kwa mikono, akishindilia mchanga taratibu kama anayesawazisha kaburi. Usimtoe kabla hajamaliza kufukia.

Lakini kusubiri kuna mwisho wake. Akichimba siku mbili bila yai, akisukuma na hakuna kitu, akifumba macho mchana, akilala sakafuni, au nyama ya ndani ikichomoza nyuma, ni daktari siku hiyo. Piga simu kwanza uulize kama wanatibu reptilia. Sisi mara ya kwanza, wiki moja kabla ya kutaga, tulikwenda mahali wanapozoea mbwa na paka, tukaambiwa ni choo kigumu, tukalipa. Daktari wa pili alipiga eksirei, mayai yakaonekana yamejipanga kama punje za mahindi, akamchoma kalsiamu na kutwambia bado ana muda. Mayai yangekuwa yamekwama, ingebidi dawa ya kusukuma au upasuaji. Usitafute dawa hiyo uichome mwenyewe, maana yai likiwa limeziba njia, kusukuma kunampasua. Baridi ikiwa kali, washa gari mapema, muweke kwenye boksi dogo lenye kijiti, ulipitishe ndani ya koti. Chukua picha ya kizimba, ya taa, na tarehe uliyonunua taa hiyo.

Taa ndiyo ilikuwa kosa langu. Ilikuwa ya mwaka na nusu. Inawaka vizuri tu, lakini mionzi ya UVB, ile ya jua isiyoonekana kwa macho, huisha zamani kabla ya mwanga, na bila mionzi hiyo mwili hauitumii kalsiamu unayompa. Tumia taa ndefu ya mrija, ubadilishe kila miezi 6 hadi 12 kadiri mtengenezaji anavyosema. Jua la dirishani halisaidii, kioo huzuia UVB. Nyenje na mende wake wapakwe unga mwembamba wa kalsiamu isiyo na vitamini D3 karibu kila mlo, yenye D3 mara mbili kwa mwezi.

Maji hanywi bakulini. Nyunyizia majani asubuhi na jioni, au tundika chupa uliyoitoboa idondoke tone moja moja. Akiwa dhaifu usimbanie bomba la sindano mdomoni, atapaliwa na maji yaingie mapafuni. Dondoshea juu ya ncha ya pua polepole, akitaka atalamba.

Mzani wa jikoni ulinionyesha gramu 134 kabla na 89 baada. Alitoka mchangani amekunjamana kama koti la kuazima. Siku mbili tatu za mwanzo mpe maji mengi na chakula kizuri chenye kalsiamu. Baada ya hapo punguza: mlishe siku moja na kuruka moja, na pale anapoota joto pashuke hadi nyuzi 27 hivi. Joto na shibe ndivyo vinavyojaza mayai mengi, na kila uzao unamla mifupa. Pipa la mchanga halitoki tena kizimbani.

Mayai ya asiyeona dume hayatoi watoto, yanageuka manjano na kunywea. Lakini ukimnunua akiwa mkubwa usiyatupe haraka, kwani jike huweza kuhifadhi mbegu za dume na kutaga tena baadaye. Yafukie nusunusu kwenye boksi lenye unyevu kidogo, nyuzi 25 hadi 28, bila kuyageuza, na usubiri miezi 6 hadi 9. Ya Babu niliyatupa. Mama alipoambiwa idadi alinyamaza, kisha akauliza kama jina tutalibadilisha. Binti yangu amekataa.