Opsheni za tela dogo la kusafiria: zipi ulipie kiwandani, zipi usubiri ukifika Mtwara

Mimi ni fundi wa sola na pampu za visima, naishi Mtwara mjini ila nusu ya mwaka siko nyumbani, leo Nanyumbu kesho Tandahimba keshokutwa Liwale, na huko vijijini kuna gesti ukiamka asubuhi unajikuna mpaka unasahau ulifata nini. Ndo mana nikaingia kwenye haya mambo ya tela la kulala, lile dogo la ekseli moja, kitanda ndani, jiko nyuma, unafunga kwenye gari unaondoka. La kwanza nilinunua likiwa tayari limeshatengenezwa, la Kimarekani, nikaliuza baada ya miezi 14. La pili niliagiza mwenyewe kiwanda kimoja cha Afrika Kusini, wakanitumia fomu ya opsheni kurasa 4, kila mstari una kiboksi cha kuweka tiki na bei pembeni. Hiyo karatasi ukiisoma usiku umeshiba utaweka tiki kila mahali, jamani. Naandika nilivyoijaza mimi, na pale nilipokosea naandika pia.

Hatua ya 1: jua kilo zako kabla hujashika kalamu

Tela lina uzito mtupu na lina uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa likiwa limepakiwa. Ukitoa huo mtupu kwenye wa juu, kinachobaki ndo mali yako, na kila opsheni inakula humo humo. Langu ni kilo 520 tupu, mwisho 750, kwaiyo nina kilo 230. Nikasema ni nyingi hizo, si gunia mbili za korosho na chenji? Afu nikaanza kujumlisha: maji lita 60 ni kilo 60, tairi la spea na rimu yake 22, betri ya asidi ya saizi ya kawaida 28, turubai la kukunjua la pembeni 20, friji 18, mtungi wa gesi umejaa 14, kiyoyozi 30. Jumla 192. Nimebaki na kilo 38, na bado sijaweka nguo, sufuria, unga wala toolboksi, na toolboksi yangu peke yake inafika 30.

Usiseme gari langu Hilux linavuta hata tani. Sawa gari linavuta, ila ekseli na tairi za tela hazijui kama mbele kuna Hilux au punda.

Hatua ya 2: gawa fomu mafungu mawili

Chukua kalamu mbili. Ya kwanza weka alama kwenye vitu ambavyo tela likishazaliwa huwezi kuongeza bila kulivunja: chasi, ekseli, breki, upande wa mlango, matundu ya madirisha, waya zinazopita ndani ya kuta, tenki la chini. Ya pili ni vitu ambavyo fundi yeyote pale mjini atakufungia siku moja, yani taa, redio, godoro, turubai, rafu, soketi ya ziada. Hela ikiwa ndogo, na huwa ndogo, imalizie kwenye fungu la kwanza hata kama ndani patakuwa pakavu kama darasa.

Kosa langu kwenye tela la kwanza lilikuwa hilo hilo. Ndani lilikuwa zuri balaa, taa za bluu chini ya kabati, spika 4, shemeji yenu akapiga picha akatuma kwa ndugu zake wote mpaka Nachingwea. Chini kulikuwa na chuma kilichopakwa rangi nyeusi tu. Mimi napaki karibu na bahari, Mikindani na Msimbati kila mwezi, ile hewa ya chumvi mwaka haujaisha rangi ikaanza kutoka kama ganda la kitunguu na kutu inachungulia.

Hatua ya 3: chini ya tela, hapa kaa sana

Chasi: lipia ile ya kuchovywa kwenye zinki ya moto. Kuna ya kupulizia zinki, ni rahisi, lakini ndani ya mabomba ya mraba haifiki, wakati ya kuchovya inaingia mpaka ndani. Sasa sikiliza hapa mana hili hakuna aliyeniambia, nililipata kwa kuuliza uliza: ukishachovya halafu baadae ukatoboa tundu au ukachomelea kishikio, pale umeshaua zinki na kutu itaanzia hapo hapo. Kwaiyo kila kishikio unachodhani utakihitaji, cha dumu, cha jeki, cha koleo, cha tenki, waambie wachomelee na kutoboa KABLA ya kuchovya, hata kama hicho kitu chenyewe utakinunua mwakani. Mimi niliomba vishikio 6 vya ziada, leo natumia 4, viwili vinaning'inia tu na sijali.

Springi: watakuuliza unataka ekseli ya mpira ndani au springi za majani. Ya mpira inatembea laini kweli, ila ikichoka inabadilishwa ekseli nzima, na hiyo ekseli haipo Masasi. Springi za majani jani likikatika hata ukiwa Mangaka utapata fundi wa kukupatia la gari lingine akalikata likakaa. Nilichukua majani bila kufikiria mara mbili. Beringi za magurudumu pia, omba namba zake waandike kwenye oda, afu nenda nazo dukani mjini uone kama wanazo kabla hujalipa.

Hab, yani pale gurudumu linapofungiwa: omba zenye boliti sawa na gari lako. Hilux yangu ni boliti 6, duara zinapokaa hizo boliti ni milimita 139.7, na tela likaja hivyo hivyo na saizi ile ile ya tairi. Mana yake spea ya gari ni spea ya tela, ile kilo 22 nikaifuta kwenye hesabu. Wenye Noah yenu ni boliti 5 za 114.3, nanyi mnaweza kuomba hivyo.

Breki: Ulaya sheria inaruhusu tela la jumla kilo 750 kwenda bila breki, na viwanda vingi vinalitengeneza kwa hiyo saizi makusudi ili breki iwe opsheni. Weka tiki. Anayebisha aje tupande Newala akiwa amepakia, aangalie bonde la Ruvuma pale Shimo la Mungu apige picha zake, halafu tushuke wote. Nilichukua ile ya kusukumwa, gari likipunguza mwendo tela linasukuma mbele, mkono unaingia ndani unavuta waya wa breki, haitaki umeme wala kiboksi kwenye dashibodi. Hakikisha inaachia yenyewe ukirudi rivasi, na ije na hendibreki.

Kichwa cha kukamatia: hiki kinakaa juu ya boli, lile tufe la chuma nyuma ya gari. Boli la milimita 50 ndo la Ulaya na Afrika Kusini, la Kimarekani ni inchi 2 ambayo ni 50.8. Unaona kama ni kitu kile kile kumbe sio, kichwa cha 50 juu ya boli la inchi 2 hakikai vizuri, na kichwa cha inchi 2 juu ya boli la 50 kinacheza kacha kacha njia nzima. Nilicheza hivyo Mtwara mpaka Kilwa, ningelijua nisingelala usingizi ule niliolala Nangurukuru.

Hatua ya 4: mlango na hewa

Mlango kushoto. Sisi tunaendesha kushoto, ukipaki pembeni unataka ushukie kwenye majani, usishukie kwenye lami mbele ya basi la Dar. Matela ya Marekani na mengi ya bara la Ulaya mlango uko kulia. Langu la kwanza ndo lilikuwa hivyo, nikipaki barabarani watoto wanashukia kwenye magari.

Madirisha omba mawili yanayotazamana na yote yawe na neti, na tundu la juu lenye feni ya volti 12 inayozunguka pande zote mbili, kuvuta na kutoa. Kwa joto la huku na unyevu wake hiyo feni ndo utalala nayo. Vumbi je? Barabara ya vumbi ukienda na kila kitu kimefungwa tela linanyonya vumbi kwa nyuma kwenye kila upenyo, ukifungua jioni shuka zimekuwa nyekundu. Kuna opsheni ya kijitundu cha juu kinachotazama mbele chenye kichujio, upepo wa mwendo unaingia kwa nguvu ndani, hewa ya ndani inakuwa na msukumo kuliko ya nje na vumbi linashindwa kuingia. Ni bei ndogo, weka tiki.

Hatua ya 5: umeme, kazi yangu hii

Kwanza volti. Vitu vya Marekani vya kuchomeka ukutani ni 120, sisi 230, tela la kwanza nilichomeka chaja yake bila kusoma nikasikia pu! Fundi umeme mimi. Msimwambie mtu.

Piga hesabu ya siku moja. Friji ya kompresa ya lita 40 kwa joto letu inakula kama amp-saa 35, feni amp 2 kwa masaa 8 ni 16, taa na simu 9. Jumla 60, mara volti 12 ni wati-saa 720. Paneli ya wati 100 ukiipa jua zuri la masaa 5 na ukatoa hasara inakuletea kama 375. Kwaiyo paneli mbili. Lakini usiweke zote juu ya paa! Huku utapaki wapi mchana? Chini ya mkorosho au mwembe, na kivuli cha tawi moja tu kikikatiza, umeme wa paneli unashuka vibaya. Mimi juu niliweka moja, nyingine ni ya kubeba yenye waya wa mita 8, tela linakaa kivulini paneli inakaa juani.

Betri: ya asidi ya amp-saa 100 unatakiwa utumie nusu tu, na kilo zake ni 28. Ya lithiamu ya saizi hiyo ina kama kilo 12 na unaitumia karibu yote. Bei inauma ila nilichukua lithiamu, kilo 16 nimezirudisha. Ukichukua lithiamu ongeza na ile chaja ya kutoka kwenye gari, mana ukiunganisha waya moja kwa moja kutoka kwenye oltaneta betri haijai vizuri na oltaneta inapata moto. Waya wa hiyo chaja uwe mnene na upite kwenye chasi kabla kuta hazijafungwa. Hii ni fungu la kwanza.

Kiyoyozi futa. Hata kile kidogo kinataka kama wati 800, hiyo betri yako inaisha kwa saa moja na nusu halafu unabaki na joto na giza.

Hatua ya 6: jiko, maji, choo

Jiko liwe nje, nyuma chini ya mlango wa kunyanyua, ukipika ming'oko, ile mizizi ya porini ya huku kwetu, ndani ya tela hutalala. Kabati la gesi mpe mtengenezaji vipimo vya mtungi wa kilo 6 wa huku kwetu, urefu na upana, upime mwenyewe kwa futi, na liwe na tundu la hewa chini sakafuni mana gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inashuka. Tenki nilichukua la lita 40 na siku nyingi naenda nalo tupu, najaza nikikaribia. Sinki hapana, beseni lipo. Choo ni kile cha kubebeka, kinaingia chini ya kitanda.

Hatua ya 7: vya kuacha

Redio, televisheni, taa za rangi, michoro ya simba ubavuni. Turubai la pembeni nalo niliacha ila nikalipia ile reli ya alminiam ya kulishikia, mafundi wa maturubai mjini wakanishonea zito zuri kwa robo ya bei ya kiwandani.

Hatua ya 8: kabla na baada ya kupokea

Oda iandikwe kila kitu, upande wa mlango, volti, boli, boliti za hab. Omba picha za kuta kabla hazijafungwa zionyeshe waya zinapopita, mimi nazitumia hadi leo nikitaka kutoboa. Usajili na namba ya tela waulize TRA mapema, tela lina namba yake, haliendi na ya gari.

Likifika lipakie kama unasafiri kesho, maji, gesi, kila kitu, ulipime. Uzito unaokaa kwenye boli unaupima kwa mzani wa kupimia watu, unaweka kipande cha ubao kusimamisha mkono wa tela juu ya mzani, tela liwe limelala sawa. Mi nashika karibu asilimia 10 ya uzito wote na sizidi kilichoandikwa kwenye boli la gari. Ukiwa mwepesi sana mbele tela linatikisa mkia ukifika 80, sogeza mizigo mbele ya ekseli.

Halafu mwagia maji. Bomba la bustani, nusu saa, paa na madirisha na mlango, mwenzio amekaa ndani na tochi na kitambaa kikavu. La kwangu lilivuja kona ya lile tundu la feni, tone tone tu, shemeji yenu ndo aliliona likadondokea godoro. Nikafungua skrubu 8, nikapaka silikoni upya, nikamwagia tena, na godoro tulilitoa nje juani siku mbili.