Meli ya kifahari kutoka Copenhagen hadi Stockholm: jinsi ya kuipanga safari ya Baltiki

Ubora wa safari hii huamuliwa na mambo mawili kuliko mengine yote: meli inafunga gati wapi, na inakaa hapo saa ngapi. Chumba chenye roshani na mvinyo wa bure utavipata katika bahari yoyote. Miji ya Bahari ya Baltiki, kaskazini mwa Ulaya, ina umri wa karne nyingi, na mingi yake ina bandari karibu kabisa na mji mkongwe. Ukipangiwa gati la mbali, umepoteza kile ulicholipia.

Hatua ya 1: Soma ratiba kabla ya kutazama picha za vyumba

Msimu ni Mei hadi Septemba. Ratiba ya kawaida ya siku 7 hadi 10 huanzia Copenhagen, hupitia bandari kama Warnemünde, Gdynia, Klaipėda, Riga, Tallinn, Helsinki na Visby, na kuishia Stockholm. Miongozo ya zamani bado inasifu siku mbili au tatu za St Petersburg, Urusi. Tangu 2022 kampuni kubwa za Magharibi zimeiondoa bandari hiyo, kwa hiyo usipange kwa kufuata maandishi ya kabla ya hapo.

Tafuta jina la gati, si jina la mji peke yake. "Stockholm" inaweza kuwa Stadsgården, ambapo unashuka na kutembea hadi mji mkongwe wa Gamla Stan. Inaweza pia kuwa Nynäshamn, kilomita zipatazo 60 kusini, mwendo wa karibu saa nzima kwa treni. Meli ndogo hupata magati ya ndani kwa urahisi zaidi, na hiyo ndiyo sababu ya kweli ya kulipia daraja la juu kwenye njia hii.

Kisha uliza bei inabeba nini. Kampuni za Silversea, Seabourn na Regent hujumuisha vinywaji na bahashishi. Viking huweka matembezi mamoja katika kila bandari ndani ya bei, lakini haipokei abiria wa chini ya miaka 18. Familia nyingi huligundua hilo zikiwa zimeshachagua tarehe.

Hatua ya 2: Viza, mapema iwezekanavyo

Bandari zote nilizotaja ziko ndani ya eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza ya pamoja, hivyo viza moja inatosha. Wenye pasipoti za Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo wote wanaihitaji. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Bima ya safari iwe na kinga ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe na kurasa mbili tupu, na ibaki hai miezi mitatu baada ya kutoka Schengen.

Ombi hupelekwa kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, ni ile utakayoingilia kwanza. Meli inayogusa nchi nane huwachanganya hata maafisa. Dawa yake ni kulala hoteli usiku mbili au tatu katika mji mmoja, tuseme Copenhagen kabla ya kupanda, ili hesabu ielekee upande mmoja waziwazi. Ambatisha barua ya kampuni ya meli inayoorodhesha kila bandari na tarehe yake.

Dirisha la kuomba hufunguka miezi sita kabla ya safari na kufungwa siku 15 kabla. Usisubiri. Kampuni nyingi za daraja hili hudai malipo ya mwisho miezi mitatu hadi mitano kabla ya kuondoka, na baada ya hapo ukighairi unakatwa sehemu kubwa. Peleka ombi mara dirisha linapofunguka, ili jibu lije fedha zako zikiwa bado salama.

Meli ikianzia Southampton, utahitaji pia viza ya Uingereza. Ya Schengen haikufikishi gatini.

Hatua ya 3: Chumba

Chagua katikati ya omo (mbele) na tezi (nyuma), sitaha za chini. Hapo meli haitikisiki sana kama kwingineko. Baltiki kwa kawaida imetulia kiangazi, ila upepo ukivuma mawimbi yake huwa mafupi na ya harakaharaka, na huwachafua moyo hata waliozoea bahari.

Hatua ya 4: Mizigo, fedha na mwanga

Hata Julai chukua sweta, koti la mvua na viatu vya soli ya mpira. Mawe ya barabara za Tallinn huteleza yakilowa. Finland, Estonia, Latvia, Lithuania na Ujerumani hutumia euro. Denmark, Sweden na Poland zina fedha zao. Usibadilishe noti nyingi: Sweden karibu kila kitu hulipwa kwa kadi, na basi la Stockholm halipokei pesa taslimu. Beba kadi mbili tofauti na uitaarifu benki yako.

Chakula cha halali kiombwe kwa maandishi wakati wa kulipia, maana jiko la meli huagiza vyakula kabla ya safari. Anayeswali ajiandae pia: mwishoni mwa Juni, Helsinki jua hutua karibu saa 4:50 usiku na kuchomoza kabla ya saa 10 alfajiri, na giza kamili haliingii. Elewana na shekhe wako kabla ya kuondoka kuhusu nyakati za Isha na Alfajiri.

Hatua ya 5: Bandari kwa bandari

*Warnemünde.* Utashawishiwa kwenda Berlin. Ni karibu saa tatu kwenda na saa tatu kurudi. Nenda Rostock kwa treni ya mjini, utembee kwa raha.

*Gdynia.* Hii ndiyo bandari ya Gdańsk kwa meli nyingi. Treni ya mjini, SKM, huchukua kama dakika 40. Tiketi ya karatasi isiyo na muhuri wa saa igongwe kwenye mashine ya kituoni kabla ya kupanda, la sivyo utatozwa faini.

*Tallinn.* Mji mkongwe uko mwendo wa dakika 15 hadi 20 kwa miguu. Panda kwanza kilima cha Toompea, kisha shuka polepole. Asubuhi mapema vikundi bado havijajaa.

*Helsinki.* Feri ya kwenda ngome ya Suomenlinna huondoka uwanja wa soko, Kauppatori, na hufika kwa dakika 15 hivi kwa tiketi ya kawaida ya usafiri wa mjini.

*Stockholm.* Kuingia ni sehemu ya safari: meli hupita saa tatu hadi nne kati ya maelfu ya visiwa, na rubani wa eneo hilo akiiongoza. Ikitarajiwa kufika saa 2 asubuhi, uwe sitahani saa 11 alfajiri. Kisha panda feri kutoka Slussen hadi Djurgården ukaione Vasa, meli ya vita iliyozama mwaka 1628 ikiwa ndiyo kwanza inaanza safari yake, ikaopolewa mwaka 1961.

Hatua ya 6: Saa ya meli

Hapa ndipo watu huachwa. Kiangazi, Helsinki, Tallinn na Riga zina saa sawa na Nairobi na Dar es Salaam. Copenhagen, Stockholm na Visby ziko nyuma kwa saa moja. Simu hujibadilisha yenyewe, lakini meli hufuata uamuzi wa nahodha. Ikiwa meli imebaki na saa ya Helsinki nawe uko Visby, simu itakuonyesha saa 10 jioni wakati melini tayari ni saa 11. Vaa saa ya mkononi iliyowekwa saa ya meli. Mwisho wa kupanda huwa kama nusu saa kabla ya kung'oa nanga.

Ukishuka, beba nakala ya pasipoti na viza, pamoja na namba ya wakala wa meli bandarini, ambayo huchapishwa kwenye ratiba ya siku. Ukichelewa, huyo ndiye wa kumpigia.

Hatua ya 7: Usiku wa mwisho

Masanduku huwekwa nje ya chumba usiku na utayakuta gatini asubuhi. Bakiza pasipoti, dawa, chaja na nguo za kesho kwenye mkoba wa mkononi. Kagua hesabu yako kwenye dawati la mapokezi jioni ile ile, kabla foleni ya asubuhi haijaanza, na ndege ya kurudi isiwe ya kabla ya saa 7 mchana.