Kurekebisha matini ya tiba ya Kiingereza kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, Moshi na Arusha

Mwanafunzi anayeanza chuo cha tiba Moshi mara nyingi amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha biolojia na kemia kwa Kiingereza tangu kidato cha kwanza. Majina ya viungo na magonjwa hayamtishi sana. Huyakariri, na mhadhiri huyarudia kila siku. Anapokwama ni kwenye maneno yanayoyazunguka, kama "unless", "prior to" na "is likely to", na kwenye sentensi ya maneno arobaini ambayo kitenzi chake amekipita bila kukiona. Kwa hiyo wewe mwalimu wa Kiingereza, istilahi za tiba ziache mahali pake, na nguvu zako zitumie kufungua Kiingereza kilichozizunguka.

Anza na kipande kifupi. Kwa kipindi cha dakika 80, maneno 350 hadi 500 yanatosha, na kiwe na hoja moja tu: chanzo cha ugonjwa, au dalili zake, au matibabu yake. Ukubwa ukizidi hapo, darasa humaliza kusoma pale kengele inapolia na maswali hubaki ya nyumbani, ambako hunakiliwa.

Chagua mada ambayo mwanafunzi ameshaiona kwa macho. Kwa Arusha na Moshi, madhara ya floraidi kwenye meno ni mfano mzuri sana. Maji ya sehemu nyingi za miteremko ya Meru na Kilimanjaro yana floraidi inayozidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango kilichopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na watu wengi Arumeru wana meno ya kahawia. Msomaji anayeijua hali yenyewe huvumilia Kiingereza kigumu zaidi, maana anakisia kwa usahihi. Ugonjwa wa mwinuko ni mada nyingine inayofaa, kwa kuwa Kilimanjaro yenye mita 5,895 huleta wagonjwa hao hospitalini.

Kabla hujagusa sentensi hata moja, angalia leseni. Kitabu cha anatomia na fiziolojia cha OpenStax, mchapishaji wa vitabu vya bure, kina leseni ya CC BY (ya Creative Commons), na majarida ya PLOS vilevile: unaruhusiwa kurekebisha mradi umtaje mwandishi na useme umebadilisha. StatPearls, mkusanyo wa makala za tiba mtandaoni ambao wanafunzi wengi huusoma kwenye simu, ina leseni ya CC BY-NC-ND. Herufi ND zinakataza kusambaza toleo lililorekebishwa, kwa hiyo hiyo itumie kama ilivyo na uitungie maswali tu. Makala unayoipata bure kupitia Hinari, mpango wa Shirika la Afya Duniani wa kuzipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida ya afya, nayo isikupumbaze: kupewa ruhusa ya kusoma si kupewa ruhusa ya kuandika upya.

Sasa pima ugumu. Utafiti wa Hu na Nation wa mwaka 2000 ulionyesha kwamba ili mtu asome bila msaada, inafaa ajue karibu asilimia 98 ya maneno yaliyomo. Kwenye kipande cha maneno 400, hayo ni maneno 8 tu mageni. Ukiwepo darasani kusaidia, asilimia 95 inabebeka, yaani maneno 20. Programu ya bure ya AntWordProfiler ya Laurence Anthony hufanya kazi bila intaneti ikishapakuliwa, na hukuonyesha maneno gani ni ya kawaida na yapi yamo kwenye orodha ya maneno ya kitaaluma ya Averil Coxhead, yenye familia 570 (familia ni neno pamoja na minyambuliko yake). Ipo pia orodha ya tiba ya Wang, Liang na Ge ya mwaka 2008, yenye familia 623. Ile ya tiba ndiyo ituongoze katika kuamua lipi lifundishwe na lipi liondolewe: neno lililomo humo atakutana nalo tena, kwa hiyo lisifutwe.

Vipimo vya usomekaji vinavyohesabu urefu wa maneno na sentensi havifai sana hapa. "Lesion" na "sepsis" ni mafupi lakini magumu, ilhali "temperature" ni refu na kila mwanafunzi analijua.

Kipimo bora kuliko programu ni wanafunzi wenyewe. Wape wanne kipande hicho, lakini usiwaambie wapige mstari chini ya wasiyoyajua. Waandike maana kwa Kiswahili juu ya kila neno unalolitilia shaka. Wakipiga mstari, watayaruka yale wanayodhani wanayajua: "culture", "tender", "theatre", "discharge", "complaint". Anayejua "culture" ni utamaduni hataona tatizo lolote kwenye "blood culture" (kuotesha vijidudu vya damu maabara) hadi umuulize.

Kazi yenyewe iko kwenye sentensi, na hapa ndipo walimu wengi huharibu kwa nia njema. Chukua sentensi hii: "Administration of intravenous fluids to children with severe acute malnutrition should be undertaken with caution, as signs of dehydration may be misleading." Mwalimu mwenye haraka huikata hivi: "Do not give IV fluids to children with severe malnutrition. Signs of dehydration are misleading." Inasomeka vizuri, na ni hatari. Tahadhari imegeuka katazo, wakati mtoto mwenye utapiamlo mkali aliyeingia kwenye mshtuko (shock, yaani damu haifiki vya kutosha kwenye viungo) anaweza kuhitaji dripu, ikitolewa kwa uangalifu ili moyo usizidiwe na maji. "May" nayo imetoweka, na kinachotokea wakati mwingine kimekuwa cha wakati wote.

Njia salama ni kuirefusha: "Be careful when you give intravenous fluids to a child with severe acute malnutrition. The usual signs of dehydration may mislead you. For example, when you pinch the skin, it may go back slowly because the child has lost fat under the skin, even if the child is not dehydrated." Maneno 22 yamekuwa 50, lakini nomino "administration" imerudi kuwa kitenzi, mtendaji anaonekana, na sababu ambayo mwandishi wa kwanza aliiacha kwa wataalamu wenzake sasa imeandikwa. Yano, Long na Ross walilinganisha njia hizi mwaka 1994 kwa wanafunzi wa vyuo wa Japani: waliosoma matini iliyorefushwa hawakuachwa kwa tofauti ya maana na waliosoma iliyorahisishwa. Faida ya kurefusha ni kwamba maneno ya fani yanabaki kusomwa. Ndiyo maana kipande cha maneno 350 kikifika 500 baada ya marekebisho, usishtuke.

Rundo la nomino lina shida yake kwa Waswahili. "Mid-upper arm circumference measurement" lina neno kuu mwishoni, wakati sisi huanza nalo: kipimo cha mzunguko wa mkono. Msomaji aliyezoea Kiswahili hushika neno la kwanza na kudhani ndilo linalozungumziwa. Mara ya kwanza lifungue kwa "of": "measurement of the circumference of the mid-upper arm". Mara ya pili andika rundo lenyewe, kisha ndipo uweke kifupi MUAC.

Namba, vizio, "not", "may" na "unless" zifafanue ukipenda, lakini usizifute wala kuzibadilisha. Milimita 115 za MUAC, ambazo chini yake mtoto wa miezi 6 hadi 59 huhesabiwa kuwa na utapiamlo mkali, zibaki milimita. Ukizigeuza sentimita, atakutana wadini na namba asiyoitambua. Mikrogramu ziandikwe kwa ukamilifu, maana mcg iliyosomwa kama mg ni dozi mara elfu moja. Ukitumia programu ya akili mnemba kurahisisha, weka nakala mbili kando kwa kando na uzungushie duara kila namba na kila "may". Mara nyingi hizo ndizo zinazopotea. Usibadilishebadilishe majina pia. Kama umeanza na "oedema", usije na "swelling" aya inayofuata kwa ajili ya mapambo. Na kama chanzo ni cha Kimarekani, ongeza tahajia ya Kiingereza cha Uingereza, kwa sababu anayetafuta "edema" kwenye kamusi ya zamani ya maktaba ataitafuta chini ya E asiione.

Maana za pembeni, yaani fasiri fupi za maneno magumu, mwanzoni ziwe 12 hadi 15 kwa ukurasa, zisizidi, upande wa kulia, mkabala na mstari wake. Kiswahili kitumike pale neno lina maana moja thabiti: kongosho, wengu. Kuwa makini na majina yanayovuta maana nyingine. "Kifafa cha mimba" humfanya anayeanza adhani "eclampsia" ni kifafa cha kawaida kilichompata mjamzito, na "homa ya manjano" huchanganywa na umanjano wa ini. Hapo ongeza sentensi moja ya maelezo.

Kuhusu uchapaji: ukurasa wa A4, herufi za ukubwa wa 12, nafasi ya mistari 1.5, ukingo wa kulia sentimita 5, na namba ya mstari kila baada ya mitano. Picha ya rangi ya vimelea vya malaria ikipita mashine ya kopi ya steshenari inakuwa doa jeusi. Chora upya kwa mistari.

Maswali yafuate mpangilio wa matini. La kwanza limtake ajaze jedwali au achore mishale ya mfuatano, kwa sababu huwezi kunakili sentensi ndani ya jedwali. La mwisho liwe la Kiswahili, maana faili huandikwa kwa Kiingereza na mgonjwa huulizwa kwa Kiswahili. Kwa matini ya floraidi: mama kutoka kata ya Maji ya Chai, Arumeru, anauliza kama akichemsha maji meno ya mtoto yatapona. Mwanafunzi aeleze kwa adabu kwamba kuchemsha hakuondoi floraidi bali huizidisha maji yanapopungua, kwamba madoa hutokana na floraidi iliyozidi jino likiwa bado linaundwa, hadi umri wa karibu miaka minane, na kwamba magadi ya kupikia nayo huongeza floraidi. Akishindwa, hakuielewa matini, hata kama alama zake za Kiingereza ni nzuri.

Kabla ya kutoa kopi, mhadhiri wa somo asome toleo lako lote. Kisha lijaribu: sentensi ya kwanza iache ikiwa kamili, kisha futa kila neno la tano hadi nafasi 50, wanafunzi wazijaze, na ukubali neno lilelile tu. Wanaopata chini ya 40 kwa mia wamezidiwa. Wanaozidi 60 hawahitaji msaada wako kwenye kipande hicho.

Na msaada upunguzwe mapema. Maana 15 za pembeni wiki za mwanzo, 10 katikati ya muhula, 5 mwishoni, na muhula wa pili kipande kije kama kilivyochapishwa, na maswali tu chini yake.