Monita za studio za CRT na kompyuta za nyumbani za miaka ya 1980: waya, rezista na usawazishi

Monita ya CRT, yaani ya bomba la picha, ya studio ya televisheni haikutengenezwa ili ipendezeshe picha. Ilitengenezwa ili fundi aone kile hasa kinachopita kwenye waya, kiwe kizuri au kibaya. Ndiyo maana ukiiunganisha na Amiga, Commodore 64 au BBC Micro unapata herufi kali na rangi zilizotulia ambazo runinga ya sebuleni haikuzitoa kamwe, na ndiyo maana pia inaumbua kila kosa la kebo. Monita ikiwa nzima, kazi yote iliyobaki iko kwenye waya.

Monita inatarajia nini

Mambo matatu: kasi ya mistari, kiwango cha volti, na ishara ya usawazishi, yaani ile inayoiambia monita mstari unaanzia wapi na picha mpya inaanza lini.

Kasi ya mistari ni 15,625 kwa sekunde katika PAL na 15,734 katika NTSC, mifumo miwili ya televisheni ya rangi. Monita nyingi za Sony PVM na za aina yake zilijengwa kwa kasi hiyo, na kompyuta nyingi za zama hizo huitoa au huikaribia. C64 ya PAL, kwa mfano, hutoa picha takriban 50.12 kwa sekunde badala ya 50 kamili. Vifaa vya kidijitali huweza kusumbuliwa na tofauti hiyo. CRT huifuata bila shida. Isichokubali monita ya kasi hii ni hali za skrini za kasi kubwa: hali ya rangi moja ya Atari ST, inayokaribia 35.7 kHz (mistari 35,700 kwa sekunde), na zile hali za Amiga zinazoongeza kasi maradufu kwa ajili ya skrini za VGA. Ukiona picha imechanikachanika vipande katika hali hizo, zima au badili hali. Usihangaike kurekebisha vifundo.

Volti ya kila rangi, yaani nyekundu, kijani na buluu, ni 0.7 ikipimwa juu ya mzigo wa omu 75, yaani rezista inayoipokea ishara mwisho wa kebo. Mzigo huo uko ndani ya monita, na hapa ndipo watu wengi hukwama. Monita za studio zina soketi za BNC (za mviringo, zinazofungwa kwa kuzungusha) za kuingiza na za kutoa ili ishara moja ipite monita kadhaa. Katika baadhi yake mzigo wa omu 75 hujiwasha wenyewe soketi ya kutoa ikiwa tupu. Katika nyingine kuna swichi ndogo nyuma, au inabidi uchomeke kifuniko cha omu 75. Mzigo ukikosekana, volti inakuwa maradufu: weupe unamwagika, na kivuli cha picha huweza kuonekana upande wa kulia wa kila herufi. Mizigo ikiwa miwili, volti inashuka kwa theluthi moja na picha inafifia. Hakikisha mzigo ni mmoja tu, mwisho wa mnyororo, kabla ya kugusa BRIGHT au CONTRAST.

Kabla ya kuchukua monita yoyote, geuza mgongo wake uutazame. Si zote zina RGB, yaani soketi za nyekundu, kijani na buluu kila moja peke yake. Baadhi ya ndogo zina soketi ya kompositi tu (picha nzima, rangi na usawazishi kwenye waya mmoja), na nyingine hutegemea kadi za kuchomeka ambazo huenda zimeshang'olewa. Baadhi ya BVM, ndugu wa daraja la juu wa PVM, hazifanyi lolote bila paneli yake ya udhibiti. Uzito pia si wa mchezo: ya inchi 14 ni kama kilo 15, ya inchi 20 inakaribia kilo 30, na sehemu kubwa ya uzito iko upande wa kioo. Ibebe kioo kikielekea kifuani kwako.

Usawazishi na hesabu ya rezista

Katika RGB, usawazishi kwa kawaida huenda kwa waya wa nne hadi soketi iliyoandikwa SYNC au EXT SYNC. Kwenye PVM nyingi lazima pia ubonyeze kitufe cha EXT SYNC upande wa mbele. Usipokibonyeza, monita inautafuta usawazishi ndani ya rangi ya kijani, haiupati, na picha inabingirika.

Tatizo la pili ni kwamba kompyuta nyingi hutoa usawazishi wa volti hadi 5, huku monita ikitarajia ishara ndogo zaidi. Rezista moja kwenye waya huo inatosha, na hesabu yake ni rahisi:

volti inayofika = volti ya chanzo × 75 ÷ (rezista + 75)

Kwa volti 5 na rezista ya omu 470 unapata takriban 0.69. Hata chanzo kikitoa 3.5 tu, inafika karibu 0.48, na hiyo inatosha. Weka rezista ya omu 470, robo wati, ndani ya plagi ya upande wa kompyuta.

Amiga

Hii ndiyo iliyo tayari kuliko zote, kwa kuwa rangi zake tayari ziko kwenye 0.7. Pini 3 ni nyekundu, 4 kijani, 5 buluu, 10 usawazishi wa pamoja, na 16 hadi 20 ni ethi (waya wa kurudi, volti sifuri). Weka omu 470 kwenye pini 10, basi.

Ugumu uko kwenye plagi. Amiga hutumia plagi ya pini 23, ambayo ni adimu, hivyo njia ya kawaida ni kukata plagi ya kike ya DB25, yenye matundu 25, kwa msumeno mwembamba, upande wenye tundu 13 na 25. Angalia sana hapa: namba zilizochapwa kwenye safu ya juu bado ni sahihi, lakini safu ya chini imesogea kwa moja. Tundu lililoandikwa 14 sasa ni pini 13 ya Amiga, na ethi za 16 hadi 20 ziko kwenye matundu yaliyoandikwa 17 hadi 21. Mwisho wa safu hiyohiyo kuna pini za umeme, zikiwemo za volti 12 na volti 5. Hesabu mara mbili, kisha pima kwa mita kwamba kila ethi ya plagi inafika kwenye ganda la BNC, na kwamba hakuna waya uliogusa matundu matatu ya mwisho.

Hali zilizofumwa, yaani zinazochora mistari kwa kupokezana, nusu kila safari, kama 640 × 512 ya PAL, zitapepesa. Zilipepesa hata zamani, na kwenye monita kali zinapepesa zaidi kwa sababu kila mstari unaonekana peke yake. Punguza CONTRAST na utumie rangi za maandishi na usuli zisizoachana sana.

Commodore 64

C64 haina RGB kabisa. Bora yake ni mwangaza na rangi kwenye waya tofauti, yaani S-video, kupitia soketi ya pini 8. Pini 1 ni mwangaza, 6 ni rangi, 2 ni ethi, 3 ni sauti. Kwenye plagi ya pini 4 ya monita, 1 na 2 ni ethi, 3 ni mwangaza na 4 ni rangi. C64 za mwanzo kabisa zenye soketi ya pini 5 hazitoi rangi peke yake. Kwa hizo tumia kompositi.

Rangi ya C64 ina nguvu kuliko S-video ya kawaida. Bila kuipunguza, nyekundu huvuja nje ya umbo lake na mistari myembamba hujitokeza kwenye sehemu za rangi moja. Rezista ya omu 300 au 330 kwenye waya wa rangi ndiyo dawa. Usiiweke kwenye waya wa mwangaza.

BBC Micro, Atari ST na Apple II

RGB ya BBC Micro ni ya kidijitali: rangi ipo kwa volti nyingi au haipo. Kwa hiyo rangi zote tatu pamoja na usawazishi, pini 1 hadi 4, kila moja ipewe omu 470. Pini 5 ni ethi. Pini 6 ni volti 5, iache. Ukitaka picha itulie, andika *TV 0,1 kisha badili hali ya skrini; Mode 7, moja ya hali zake za skrini, itabaki imefumwa.

Atari ST hutoa usawazishi wa mlalo na wa wima kwenye pini mbili tofauti. Badala ya kujenga sakiti ya kuziunganisha, kwenye modeli zenye modyuleta (sehemu ya kupeleka picha kwenye antena ya runinga) tumia kompositi ya pini 2 kama usawazishi, iende moja kwa moja EXT SYNC bila rezista ya omu 470, kwani tayari iko kwenye kiwango cha video. Rangi ni pini 7 nyekundu, 6 kijani na 10 buluu, na ethi ni 13. Pini 4 iache wazi. Ikiguswa na ethi, kompyuta inahamia hali ya rangi moja.

Apple II iunganishe kwa kompositi ya NTSC. Rangi zake huzaliwa ndani ya ishara hiyo kutokana na mpangilio wa nukta, na programu zake ziliandikwa kwa kutegemea hilo. Kwa jumla, maandishi ya herufi 80 kwa mstari yanastahili RGB, lakini michezo iliyochanganya nukta ili kupata rangi za ziada huwa mizuri zaidi kwenye kompositi.

Kebo, na picha inapokataa

Tumia kebo ya koaksia ya omu 75 kwa kila ishara, na uunge ngao zote kwenye ethi katika ncha zote mbili. Nyaya za kawaida zikifungwa pamoja, usawazishi huchungulia ndani ya picha kama vijistari vinavyotembea, hasa ukitumia kompositi kama usawazishi.

Vifundo vya CHROMA na PHASE (vya kurekebisha rangi) visipofanya kazi kwenye RGB, si ubovu. Havihusiki na RGB. Rangi zikiwa za ajabu zote kwa pamoja, angalia kama monita imewekwa kwenye komponenti (mwangaza na tofauti za rangi kwenye nyaya tatu), maana RGB na komponenti hutumia soketi zilezile. Rangi moja ikikosekana, ni BNC iliyolegea au lehemu iliyopasuka. Mkanda mpana unaopanda polepole huelekeza kwenye adapta ya umeme au mzunguko wa ethi, yaani vifaa vilivyounganishwa ethi kwa njia zaidi ya moja. Doa la rangi pembeni ni usumaku: sogeza spika, bonyeza DEGAUSS mara moja, kisha subiri kama dakika 15 kabla ya kurudia.

Iache monita ipate moto kwa dakika 20 hadi 30 ndipo urekebishe weusi na mwangaza. Bonyeza UNDERSCAN uone kingo zote, kisha uweke picha katikati. Spika ya ndani ni ndogo na ya mkondo mmoja. Sauti ya stereo ya Amiga ipeleke kwingine.

Kasha la monita usilifungue kama hujafunzwa kazi hiyo. Bomba la picha huhifadhi makumi ya maelfu ya volti hata baada ya plagi kuchomolewa, na hakuna kirekebisho chochote cha mwongozo huu kinachohitaji kulifungua.